Sponji Isiyooshwa

Chelangat mwanangu,

Nakusikia kutoka hapa nilipo. Unafungua zipu ya sanduku, unaifunga, halafu unaifungua tena. Mimi nimejificha kwenye chumba cha samaki, nimekalia ile ndoo ya rangi tuliyoigeuza kiti, na karatasi nimeiweka juu ya kifuniko cha tangi la gapi. Kogo, nyanya yako, yuko karibu na mimi, kwenye kiti chake, blanketi limefika kidevuni. Anasema hajalala, anafikiria tu. Anafikiria huku anakoroma.

Sitakuandikia habari za kula, wala za kuangalia simu yako ukiwa barabarani, wala za wavulana. Hayo nimeyasema tangu Jumatatu mpaka sasa unayamalizia wewe kabla sijafunga mdomo. Nakuandikia kwa sababu ya lile neno ulilosema mlangoni jioni hii, umeshika kikombe kwa mikono miwili: "Mama, si naweza ngoja tu hadi Januari? Samaki wazoee kwanza. Na wewe pia."

Nilijitia sijasikia. Nikasema chai inapoa. Lakini nilisikia vizuri, na moyo wangu uliruka kwa furaha, na uliporuka hivyo nikaogopa. Mdomo wangu siuamini. Mwaka jana ulinyamaza pale ulipotakiwa kusema, na wewe ukabaki. Basi leo nimeamua kuandika, maana karatasi ukiisoma ndani ya basi huwezi kunikatiza, na mimi siwezi kugeuza maneno nikiona uso wako.

Lakini siwezi kuanza na mwaka jana. Ni lazima nianze na banda hili. Wageni wakija wewe huwaambia kwamba tulilijenga pamoja, na makosa yangu huyaruka kwa heshima, kama vile mtu anavyoruka tope mbele ya mkwe. Leo tusiyaruke.

Ulikuwa darasa la nane. Baba yako alikuwa ametuacha mwaka uliotangulia, na wewe ulikuwa umeacha kuongea mezani. Nilikuwa nikikuuliza habari za shule unajibu "sawa", nikikuuliza chakula unajibu "sawa". Nikawa nachukia neno lile. Halafu siku moja ulirudi kutoka Kericho mjini umekumbatia chupa ya mayonezi kifuani. Ndani mlikuwa na samaki watatu wadogo, mikia yao kama vitambaa vya sherehe. Usiku huo uliongea mpaka ugali ukapoa. Jina lao ni gapi. Wanazaa watoto walio hai. Ukiwapa chakula kingi wanaugua. Mimi nilikuwa naitikia tu, sikusikia hata nusu ya maneno, nilikuwa nasikiliza sauti.

Kesho yake Kogo akaja kunywa chai ya saa kumi, kama alivyofanya kila siku tangu niolewe na mwanawe. Akachungulia chupa. Akarudi nyuma mpaka akagonga mlango.

"Nyoka!" alisema. "Raeli, umeleta nyoka wa maji kwenye nyumba ya mwanangu?"

Nikamwambia ni samaki. Akasema kwani samaki ni nini kama si nyoka aliyekosa ardhi. Wewe unajua watu wa rika lake. Samaki hawajaonja, na mtu akila samaki wanamwangalia vidole kuona kama vimeota ngozi kati. Akaapa kwamba hatakanyaga nyumba yangu mpaka wale wadudu watoke. Nikadhani ni maneno. Siku ile hakuja, na iliyofuata hakuja, na birika la chai nikawa nalimaliza mwenyewe nikitazama njia. Watu hulalamika kuhusu mama mkwe. Mimi niligundua kwamba sijui kunywa chai bila wangu.

Ndiyo maana samaki wako walihamia banda la ndama. Hakuna hekima iliyotumika hapo. Ndama alikuwa amekua, banda lilikuwa tupu, na nilitaka mama mkwe wangu na binti yangu wote wawili.

Ila nilisahau baridi. Ukungu wa hapa Roret unaujua mwenyewe, ile asubuhi unayochuma majani ya chai vidole vikiwa vigumu kama vijiti. Tuliwakuta samaki wamelala chini kabisa ndani ya chupa, hawatikisiki, ukaanza kulia bila sauti, jambo ambalo hukuwa umelifanya hata kwenye mazishi ya baba yako. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, "Tutawajengea nyumba yao yenye joto." Sikujua lolote, Chelangat. Nilisema kwa sababu ulikuwa unalia. Wakati tunajenga tukawaweka jikoni karibu na mafiga, maana jiko liko mbali na nyumba na Kogo hakulitaja kwenye kiapo chake.

Unamkumbuka Nyakundi, fundi wa vioo pale sokoni. Alipotutengenezea tangi la kwanza, alicheka mpaka akafuta macho. "Mathe, hawa ni kidogo sana kwa ugali," alisema. "Kwetu Kisii hawa hata paka hawezi kubali." Halafu akaja kuona mahali pa kuliweka, akaona nimepanga mawe juu ya udongo, akacheka tena. "Hii tangi ikijaa ni kama ng'ombe mzima. Sasa wewe unataka kusimamisha ng'ombe juu ya mawe tatu? Weka simiti, mathe. Hii udongo yenu ikinyeshewa inakuwa uji."

Alikuwa anasema kweli, nami nilijua. Lakini alikuwa amecheka mara mbili, na mimi mjane mpya sikutaka kuchekwa na mtu. Nikamwambia mawe haya yameshika sufuria za harusi, yatashika na samaki.

Mvua za masika zilipokuja, ulinisikia nikipiga kelele. Maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango wa banda, jiwe moja limezama, kioo kimepasuka toka kona hadi kona, na gapi wako wanarukaruka kwenye tope la samadi. Uliwaokota mmoja mmoja kwa kikombe cha chai. Hukuniambia kitu. Ningependa ungeniambia kitu.

Tabia hii ya kukataa neno la kweli kwa sababu ya mdomo uliolitoa imenigharimu mengi kuliko tangi moja. Nilimkatalia baba yako hivyo hivyo alipotaka nimpeleke hospitali mapema, kwa sababu alilisema akiwa amenikasirikia. Hilo silo lililomuua, daktari aliniambia wazi. Lakini nalikumbuka. Huko Mombasa uendako watakucheka kwa Kiswahili chako cha mlimani, nao wanakijua Kiswahili kuliko sisi. Wacha wacheke. Chukua lile la kweli, kicheko waachie wenyewe.

Niliporudi kwa Nyakundi kichwa chini, hakunicheka tena, na hapo nikaona haya zaidi. Alikuja na simiti, mchanga na mpira mwembamba wa maji unaopitisha mwanga. Akakufundisha kwamba maji ndani ya mpira hayadanganyi, yatasimama sawa huku na huku hata kama ardhi imeinama. Ulipiga magoti kwenye tope ukishika upande wako. "Shuka kidogo! Rudi! Hapo!" Ulikuwa na sauti ya kamanda. Tulimaliza sakafu, na wewe ukaendelea kupima: ukapima kizingiti, ukapima meza, ukapima kitanda cha Kogo ukamwambia kichwa chake kinalala chini kuliko miguu. Ugonjwa wa upimaji ardhi unaokupeleka chuoni uliupata humu bandani, nami nilikuwepo ukikushika.

Kuta tulizipatia. Hapo najisifu. Mabao ya kando, yale yenye maganda, nje, halafu magunia ya mbolea tuliyoyajaza vumbi la mbao, halafu mbao laini ndani, na dirisha moja dogo la upande wa asubuhi ili jua lisigeuze maji kuwa kijani kama mboga. Lakini paa! Lile wazo la trei za mayai lilikuwa langu, unakumbuka? Nilisikia zinazuia baridi, nikakusanya trei kutoka kila kibanda cha sokoni, tukazigongelea chini ya mabati. Nikasimama katikati nikajiona mhandisi. Hakuna aliyeniambia kwamba maji yenye joto hupumua. Mvuke ukapanda, ukanywewa na trei, na siku moja tukiwa tunakula tukasikia kishindo laini. Tulikuta dari yote imeanguka kwenye matangi, inaelea kama ugali uliokosa moto. Ulicheka mpaka ukaketi sakafuni. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliposikia kicheko chako tangu mazishi, na sikujuta ile dari hata kidogo. Tukaweka nailoni nzito, tukaacha tundu la kupumulia juu, na mambo yakatulia.

Na Kogo? Wewe ulikuwa shuleni siku ile, hukuona. Mvua ya mawe ilimkamata katikati ya nyumba yake na yangu, ile mvua inayopasua majani ya chai mpaka shamba linabaki vijiti. Mlango uliokuwa karibu ni wa banda. Akaingia. Nilimpata humo mvua ilipoisha, amesimama katikati ya chumba, amekunja mikono asiguse kitu. Nikajifanya natafuta ndoo. Kesho yake hakukuwa na mvua, akaja tena.

"Nimekuja kwa ajili ya magoti," alisema kabla sijauliza. "Humu kuna joto."

Basi joto likamleta, na siku iliyofuata likamleta na kiti. Baadaye nikamsikia anaongea, nikadhani kuna mgeni. Alikuwa anamwambia yule samaki mpana mwenye mistari uliyemleta baada ya gapi, "Mwalimu, wacha watoto wale kwanza." Anamwita Mwalimu kwa sababu anapita polepole akikagua wenzake. Ukimuuliza Kogo leo atakwambia hawa ni nyoka. Ila Mwalimu si nyoka, Mwalimu ni Mwalimu.

Sasa tufike kwenye sponji. Ulikuwa kidato cha tatu, bwenini, umeniachia maagizo mafupi: niwape chakula kidogo, nisiguse kitu kingine. Wamama wa kanisa wakasema Jumapili watakuja kuona samaki. Nikaingia humu kwa macho ya mgeni. Nikaona kioo kina ukijani pembeni. Nikatoa ile sponji ya chujio, ikatoka nyeusi, imeteleza, inanuka udongo wa mtoni. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Unajua mwanamke kwetu anavyopimwa. Wakiingia kwako hawaangalii makochi, wanaangalia vibuyu vya maziwa. Mama yangu alinifundisha kuosha kibuyu kwa maji ya moto na kile kifagio cha sosiot mpaka maji yatoke meupe, halafu nikaushe, halafu nipake mkaa wa mti wa senetwet ndani. Kibuyu kikinuka, mtu hasemi kibuyu kinanuka, anasema Raeli ananuka. Basi samaki wako niliwaosha kama vibuyu. Nilichemsha maji nikakamua sponji zote mpaka zikarudi rangi ya dukani. Nikasugua vioo, nikasugua mawe, nikaosha mchanga kama mchele wa sikukuu. Nikajaza maji mapya yaliyong'aa. Ungepita ungedhani samaki wanaelea hewani. Nilijipiga picha.

Jumapili wamama walipoingia, samaki wote walikuwa juu, midomo nje ya maji, wanafungua na kufunga. Mama mchungaji akasema, "Ona, hata hawa wanamsifu Mungu." Wote wakasema amina. Na mimi nikasema amina, Chelangat, nikiwa nawaona wanakufa.

Zaidi ya nusu walikufa. Ulipokuja likizo fupi ulisimama hapo mlangoni ukaangalia, halafu ukauliza polepole, "Mama, kwani uliosha sponji?"

"Niliosha."

"Zote? Na maji moto?"

"Na maji moto."

Ukaketi kwenye ndoo hii ninayoikalia sasa. Nilitaka unikemee. Ukanieleza badala yake kwamba ndani ya ule weusi kuna vidudu visivyoonekana vinavyokula uchafu wa samaki, kwamba huchukua wiki nyingi kuota, na kwamba bila hivyo maji yawe meupe namna gani ni sumu. "Maji lazima yaive, mama," ulisema. Na mimi bado nilikuwa najitetea, nasema lakini yalikuwa safi, yalikuwa safi kabisa, mpaka Kogo kwenye kiti chake akachoka.

"Raeli," alisema, "kibuyu kipya kilikupa maziwa mazuri lini?"

Hilo nalijua tangu utotoni. Kibuyu kipya unaweza kukisugua upendavyo, maziwa yake ya kwanza yana uchungu, utawapa mbwa. Kibuyu cha zamani ndicho kinachojua kazi, kwa sababu hata ukikiosha namna gani kuna kitu cha maziwa ya jana kinabaki kwenye ngozi yake. Nimegandisha maziwa maisha yangu yote nikitegemea kitu hicho, halafu nikaja humu nikakiua kwa maji ya moto ili wageni wanisifu.

Ulichukua kipande cha sponji kuukuu kutoka tangi dogo la jikoni, lile nililosahau kuosha, ukakiweka kwenye tangi kubwa. Ukasema kitafundisha zile mpya. Na kweli kilifundisha.

Sasa mwaka jana.

Barua ya chuo ilipokuja tulikuwa tunapima majani kwenye kituo cha chai, ukaifungua kwenye simu ukanionyesha. Nilipiga vigelegele mpaka karani akapoteza hesabu. Wiki chache baadaye Mwalimu na mke wake wakataga mayai kwenye jani, wale watoto wadogo kama nukta wakaanza kuogelea, na wewe ukawa humu asubuhi na jioni. Halafu ukaniambia, huku unawaangalia wao na si mimi, "Mama, nitaahirisha. Hawa watakufa nikienda."

Ningesema nini? Ningesema, wacha wafe, nenda. Ningesema, nitajifunza. Nilijua vizuri kwamba hukuwa unaongea juu ya samaki. Ulikuwa unaniona mimi nikirudi kutoka shambani kwenye nyumba isiyo na mtu, nikipika chakula cha watu wawili. Nikasema, "Sawa, fikiria tu." Halafu nikatoka nje nikashika kuku.

Ulidhani ni kuku wa kawaida. Ulikula paja ukasema ni tamu. Watu humchinjia mtoto anapoondoka, Chelangat. Mimi nilichinja kwa sababu hukuondoka. Nilikula nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu baba yako, na ilikuwa ni furaha ya wizi.

Kogo hakula. Alipokuwa anaondoka akanishika mkono kule nje. "Banda la ndama," alisema, "umemfungia mtoto." Alisema hivyo tu, akaenda zake kulala.

Nilimkasirikia kwa muda mrefu. Lakini nilikwambia kwamba nimejifunza kuhusu neno la kweli na mdomo uliolitoa, na nilikuwa nimechoka kupasua vioo. Nikaanza kukuuliza maswali. Hukushangaa mama yako alipotaka kujua hita inawekwa joto gani? Alipoanza kubadilisha maji mwenyewe, robo tu, si yote? Ulidhani nimependa samaki. Nilikuwa nakuandalia njia, na katikati ya kuiandaa nikawapenda kweli. Hilo sikulipanga.

Kuna jambo jingine sikukwambia. Juzi ulipokwenda Kericho kununua sanduku, ulirudi ukauliza, "Stima zilipotea?" Nikasema, "Kidogo."

Zilipotea ukiwa hujafika hata barabarani. Mvua ilikuja na upepo wake, na hita na pampu za hewa zikanyamaza zote kwa pamoja. Kogo akasema, "Mpigie mtoto arudi." Nikamwambia simpigii. Akaniangalia, halafu akainuka, magoti hayo hayo, akaenda kuleta mablanketi yake yote. Tuliyafunga matangi kama watoto wachanga. Lile blanketi zito la baba yako lilipata tangi la Mwalimu. Nikachemsha maji jikoni, nikayajaza kwenye chupa, tukaziacha zielee juu ya maji. Halafu tukakaa, kila mtu na kikombe chake, tukawa tunachota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yashike hewa. Tulichota mpaka mikono ikafa ganzi. Kogo alikuwa anaimba ule wimbo wa kumtuliza ng'ombe anapokamwa, nami nikaupokea, na wote wawili hatuna sauti. Mara moja nilipoinua macho nilimwona anatabasamu, uso umelowa, na nikagundua na mimi nimetabasamu. Nilikuwa sikungoji. Ilikuwa mara ya kwanza niko humu ndani na wala sikungoji.

Stima zilirudi ukiwa kwenye geti. Hakufa hata mmoja. Nguo ya Kogo ilikuwa imelowa mpaka kwenye kiwiko, hukuona, ulikuwa unatuonyesha magurudumu ya sanduku.

Kwa hiyo, mwanangu, usiniletee habari ya Januari. Kesho asubuhi ukisema utangoja, utanikuta mimi niko barabarani tayari na sanduku kichwani, magurudumu yake hayawezi tope letu. Nitalia, hilo nakuahidi, na wewe utalia, na Kogo atakutemea maziwa ya baraka kifuani ukiwa umevaa ile blauzi mpya. Usiipanguse. Halafu utapanda, na sisi tutarudi humu maana ni saa ya kuwalisha. Nitakukosa mpaka mbavu ziniume. Lakini nitakuwa sawa. Si ile "sawa" yako ya darasa la nane. Sawa kweli.

Kwenye mfuko wa kando wa sanduku nimekuwekea chupa mbili. Ile ya plastiki ni mursik, maziwa yetu mgando, Kogo ameyatia mkaa mwenyewe kutoka kibuyu chake cha zamani. Unywe na wenzako wa chumbani, wakikunja uso usijali, hao ndio wale wanaokula pweza.

Ile nyingine ni chupa ya mayonezi. Naam, ni ile ile, niliihifadhi. Ndani kuna maji ya tangi la Mwalimu na nusu ya sponji yake, nusu nyingine imebaki hapa inaendelea na kazi. Basi likisimama ifungue kidogo ipate hewa. Ukipata chumba, tafuta kitangi hata kiwe kidogo namna gani. Huko maji ya bombani nasikia yana joto kuliko hita yetu, hutahitaji banda. Angalia tu usichanganye chupa gizani ukanywa isiyonyweka.

Ni nyeusi, inateleza, inanuka udongo. Nilipoikata mikono yangu iliniwasha, na maji ya moto yalikuwa hapo hapo kwenye birika. Wewe wanijua.

Sijaiosha.

Mama yako,
Raeli